Chuma Chenye Mkono wa Kuzungusha

Mama alipohama Mikinduri kuja kukaa nami hapa Majimbo, Embu, alikuja na blanketi mbili, Biblia, na gunia lenye chuma kizito ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Kilikuwa na bakuli juu, mkono wa kuzungusha, na droo ndogo ya mbao chini. Mkono ulikuwa umeganda kwa kutu. Nyumba yangu ni vyumba viwili tu, kwa hivyo nilimwambia wazi: mtu wa vyuma chakavu akipita Jumamosi, nampa.

"Hicho hakiendi," alisema. "Baba yako alikileta kutoka kazini, akafa kabla ya kuniambia ni cha nini. Nataka nijue kwanza."

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Timau. Alituacha nikiwa darasa la pili. Basi nikaanza kuulizauliza, shingo upande. Jirani alisema ni cha kusaga nyama. Mwenye bucha akacheka, akaniuliza kama ni cha nyama, kisu chake cha ndani kiko wapi. Kaka yangu, ambaye hajui kunyamaza, alisema kwa simu ni cha kupukuchulia mahindi, labda mahindi ya vifaranga. Nilimkatia simu.

Ijumaa nilikimwagia mafuta ya taa, nikachokoa meno yake kwa sindano ya kufumia. Ikaanguka punje moja nyeusi. Nilikuwa naifagia Mama alipoiokota, akaigeuza, akanionyesha mfereji wa katikati.

"Hii ni kahawa," alisema. "Imekaangwa."

Niliona aibu. Sisi tumesomeshwa na kahawa. Nimeichuma tangu mikono yangu ilipofika tawi la chini, lakini kwetu kahawa hupelekwa kiwandani na nyumbani tunakunywa chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisaga.

Mama aliketi. Akaniambia kwamba siku Baba alipoleta kile chuma, alichota viganja viwili vya kahawa kavu kwenye gunia. Mama, bila kuuliza anaipeleka wapi, akamfokea mbele ya watoto: mwanamume gani anachezea karo? Baba akairudisha. Chuma akakiweka juu ya rafu na hakukitaja tena. Hilo lilimuuma Mama, na aliniambia hivyo hivyo, kwamba linamuuma.

Jumamosi mtu wa vyuma alipita, tukamwacha aende zake. Wiki iliyofuata kaka alituma kahawa kidogo kutoka nyumbani. Tuliitwanga kutoa maganda, tukaikaanga kwenye sufuria mpaka jirani akaja kuuliza ni nini kinaungua. Mama alizungusha ule mkono mwenyewe, akakataa nimpokee.

Tulipoichemsha alionja, akakunja uso. "Ni chungu."

Akaongeza sukari, akanywa mpaka kikombe kikaisha.

"Viganja viwili tu, mwanangu," alisema. "Ningemwachia."