Minza, Ulipanda Peke Yako

Hadi sasa nashika simu nikitaka kumpigia Minza nimuulize kama ni kweli Minza amefariki.

Tumemzika jana kwao Mwandoya. Udongo nimeutupia kwa mkono wangu mwenyewe. Kichwa bado kimekataa.

Wengi mmekuja inbox kuniuliza aliumwa nini. Jamani, mimi sikujua kama anaumwa. Mimi, jirani yake kule Somanda, Bariadi, tangu tukiwa wasichana.

Aliniaga kwamba anakwenda Mwanza kumsaidia binti yake aliyejifungua. Mtoto alikuwepo kweli. Ila Minza alikuwa anatibiwa saratani, na kila nilipouliza hali ya mtoto alinijibu akiwa kwenye kitanda cha hospitali kwamba anaongezeka uzito vizuri.

Ngoja niwasimulie, maana si mara ya kwanza kunifanyia hivi.

Tulikutana kazini miaka ile ya soko huria, kampuni binafsi zilipoanza kuja Bariadi kununua pamba. Zamani mkulima aliuza kwa chama cha ushirika tu. Sasa wakaja mabosi wageni na magari mapya, na sisi wasichana wa form four tukapata ukarani. Mimi na Minza tuliwekwa mizani moja. Yeye anasoma kilo, mimi naandika.

Siku moja bosi alimnong'oneza airekebishe ile mizani kidogo. Minza akamwomba arudie kwa sauti, wakulima walioko nyuma hawajasikia. Bosi hakurudia.

Mtu aliyekataa kumwibia mkulima hata kilo moja. Mimi akanidanganya safari nzima.

Msimu ulipofungwa, kampuni ilitufanyia sherehe nyumbani kwa bosi. Kulikuwa na televisheni na dishi, vitu ambavyo sisi tulivisikia tu. Wakaonyesha roller coaster za Afrika Kusini. Vigari vinapanda reli mpaka juu, vinaachiwa, vinageuka kichwa chini na watu wamo ndani. Wenzetu walisema hao watu wamekosa kazi ya kufanya. Minza pilau lake lilipoa.

Akaniambia, "Holo, mimi na wewe tutapanda kile."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tukaenda Shinyanga kufuatilia pasipoti, tukapiga picha tumevaa blauzi ile ile, tukipokezana. Msimu uliofuata wote hatukuongea kingine. Nani atakaa mbele. Nani atamshika nani.

Halafu akaniambia mama yake anaumwa sana, anakwenda Mwandoya kumuuguza. Alilia. Mimi ndiye niliyemwombea leave kwa bosi. Mimi ndiye niliyefanya kazi zake. Kanisani nikaomba wamkumbuke mama yule kwenye maombi.

Wiki iliyofuata nikanunua sukari na sabuni, nikapanda lori la mizigo kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Nilimkuta mgonjwa anapepeta mtama. Nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akaitikia kwa furaha, akanitafutia kiti, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Minza umemwacha wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nikamwambia amebanwa na kazi, amenituma nilete sukari. Mama alipokea, akashukuru, lakini ungo hakuushika tena. Alijua namdanganya. Kurudi Bariadi niliwaza mengi. Labda ametekwa, labda ameolewa kwa siri, labda amekufa.

Alirudi sauti imekauka na shingo haigeuki. Hata hakujificha. Alikuwa Afrika Kusini. Alipanda za Johannesburg, akasafiri hadi Durban kupanda nyingine, akarudia ile ile mpaka mhudumu akamzoea na kumsalimia. Alisimulia mikono ikiwa hewani, macho yanang'aa. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Kwa nini si mimi na yeye.

Akasema, "Ningekuwa nakuangalia wewe kama umeogopa. Nimelea wadogo zangu tangu baba afe, Holo. Nilitaka safari moja nisimwangalie mtu."

Nikamwambia angenieleza hivyo hivyo, ningemsindikiza stendi nikampungia mkono. Samahani hakuisema. Siku ile wala baadaye.

Tulinuniana muda mrefu. Tulikuja kupatana nilipojifungua mtoto wa kwanza, alipoingia kwangu bila hodi akaanza kufua nepi. Tukazeeka hivyo, bila kulizungumza. Pasipoti yangu ilikwisha muda haina hata mhuri mmoja.

Jana pale makaburini MC aliniita niseme machache kama rafiki wa karibu. Nilitikisa kichwa. Wengine wamesema nimeshindwa kwa uchungu. Si uchungu tu. Ningesema nini? Binti yake ameniambia alikatazwa kabisa kunijulisha. Mama mzazi wa Minza pia hakuambiwa. Bibi wa watu, miguu haimbebi tena, ameletewa jeneza la mwanae kama mzigo usiotarajiwa.

Watu walipopungua mama huyo alinivuta nikae naye mkekani. Akaniuliza taratibu, "Holo, na wewe ulijua?"

"Sikujua, mayu."

Akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniegemea begani. Tumekaa hivyo mpaka wakaja kukunja maturubai.

Minza, nimekukasirikia. Sitawadanganya watu hapa kwamba nimekusamehe, labda itakuja. Ningekushika mkono wakati wa dawa na nisingeongea. Ungeniambia nisilie, nisingelia mbele yako. Hukunipa hata nafasi ya kujaribu.

Nabaki huku Mwandoya na mama kwa sasa. Tumekubaliana mimi na yeye kuambiana kila kitu, hata kichwa kikiuma.

Lala basi, dada yangu. Safari hii najua ulipo.