Masikio ya Marehemu

Juzi nilikuwa katika duka la uchapishaji mjini Bungoma wakati mchoraji wa vibonzo kutoka Kitale alipoleta picha ya marehemu mjomba wake, mzee wa Naitiri aliyekataa kupigwa picha maisha yake yote. Ilitakiwa kwenye kijitabu cha mazishi. Mpwa alikuwa amechora anavyojua: mdomo umepinda, masikio kama milango ya gari iliyoachwa wazi.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliishika kwa ncha za vidole. "Bana, hii ni matanga ama ni gazeti? Punguza hii masikio."

Mchoraji akafuta kidogo.

"Punguza tena."

Yalipobaki kama vifungo vya shati, mjane akainuka kwenye benchi, akainama juu ya karatasi. "Huyu ni nani?"

"Si ni mzee, mama," mwenyekiti akajibu.

"Mimi huyu simjui. Siwezi kuzika bwana ya mtu mwingine. Kijana, rudisha masikio."

Yakarudi. Mama akacheka mpaka leso ikamwanguka, kisha akalia hapohapo kwenye kaunta.

Picha nyingi za mazishi humfanya marehemu afanane na mgombea ubunge. Hii ilifanana na mume.