Mgongo Nilioupiga Msasa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipanguse vumbi tu. Mimi nikapiga msasa. Nakwambieni haya nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, maana mkiziona mvi zangu mnadhani nalizaliwa nnajua.

Nalitoka Rusayl, nje kidogo ya mji, kwenye karakana ya dari za jasi, ule unga mweupe wa mawe yaliyochomwa, ukiutia maji unaganda. Kule, dari ikionesha mstari pale vipande vinapokutana, bosi anakutimua. Chuo kikuu kimoja hapa Maskati kikanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, nitunze sanamu za Kigiriki. Si zile za marumaru zenyewe, bali nakala zake za jasi, zilizomiminwa kwenye kalibu huko Ulaya ili wanafunzi wasome bila ya kusafiri. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kila nikirudi nyumbani Ruwi: "Leo tena umeshinda na wale wanaume wako walio uchi?"

Basi siku ile ya kwanza nikamkuta kijana mmoja wa jasi, mwanariadha, mgongoni ana mistari iliyovimba kutoka begani mpaka kiunoni. Lahaula, fundi gani huyu mvivu! Nikaona haya kwa niaba yake. Kufika adhuhuri mgongo ulikuwa laini kama yai, na mimi nimesimama pembeni nangoja sifa.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Daktari, mwanamke aliyekulia Unguja, mpole wa sauti, lakini ukimuudhi utamjua. Akapitisha kiganja mgongoni pale.

"Nani kamparura huyu?"

"Mimi, Daktari. Nimemsafisha."

"Umemsafisha! Wallahi, Fundi Nasoro, umemtia kilema."

Ndipo nikafunzwa. Sanamu yenye mikunjo haitoki kwa kalibu ya kipande kimoja. Ile ya asili hufunikwa kwa vipande vingi vya kalibu, na jasi ikimiminwa huvimba kidogo pale vinapopakana. Hiyo ndiyo mishono. Mtaalamu akiiona anajua ngozi ile imetoka moja kwa moja kwenye marumaru, haikuguswa na mtu. Na mimi, pamoja na mishono, nilikuwa nimeondoa alama za patasi ya Mgiriki mwenyewe. Ile marumaru ya asili, Daktari akasema, imekaa kwenye mvua tangu nakala hii itolewe, imelika. Alama zile hazipo tena popote.

Nikajua kazi imekwisha. Kumbe akaagiza kibao cha shaba kikazwe kwenye kitako cha sanamu: "Mgongo huu ulipigwa msasa na Fundi Nasoro, kwa kutojua." Nikamsihi aondoe jina, angalau jina.

"Mficha uchi hazai," akanijibu, akatia saini fomu yangu ya ajira.

Kibao kile kilinichoma miaka yote. Nimeunga vidole vilivyokatika, nimetia vyuma kwenye miguu iliyolegea, nimeziba nyufa. Hakuna kibao cha hayo. Wanafunzi wakisoma wanacheka, kisha wananigeukia: "Ndiwe wewe, ami?" Nikaapa sistaafu jina langu likiwa pale.

Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, na harufu ya jasi mbichi nnaikumbuka mpaka nalia. Daktari naye nnamkumbuka, Mungu amrehemu.

Mkuu aliyepo sasa ni mtu wa huruma. Siku yangu ya mwisho alinipa bisibisi kwa mkono wake.

"Kitoe, ami Nasoro. Iwe zawadi yako."

Nikatoa skrubu tatu kwa furaha, sisemi uongo. Kibao kikaning'inia kwa ile ya nne. Nikautazama mgongo ule bila ya maandishi. Mzuri! Mtu yeyote angeapa Mgiriki kauchonga vile vile. Nikaona nikikitoa kibao nnampiga msasa kijana yule mara ya pili, na safari hii kwa kujua.

"Vipi, ami? Nikusaidie?"

"Hapana, mwanangu. Niache."

Nikazirudisha skrubu, moja moja. Nikazikaza mpaka kiganja kikauma, kisha nikakisugua kibao kwa mkono wa kanzu yangu ya dishdasha, mpaka jina likasomeka vizuri.