Siku Ingine, Papa

Godefroid Mukalay alikuwa fundi wa kueleza. Pale chuo kikuu, ukumbi ukifurika hadi wanafunzi wengine wanakaa madirishani, alisimama bila karatasi mkononi akawafumbulia habari za nafsi na mwili mpaka wa nyuma kabisa wakaitikia kwa kichwa. Lakini mganga hajigangi. Baba yake mzazi, aliyemsomesha kwa jasho la reli, alimwuliza swali moja tu kwa miaka mingi, na fundi wetu hakulijibu.

Swali lilizaliwa mtaani Katuba, uani kwao. Mzee Mukalay, mtu wa Mitwaba aliyestaafu kazi ya reli, alipenda kuwasifu watoto wake kwa majirani. Binti yake Edith alikuwa muuguzi, na hapo hakuna aliyeuliza zaidi. Akimtaja Godefroid na falsafa yake, au filozofi kama wanavyosema huko, Alexis seremala, mwenzake wa kucheza dama, humkatiza: hiyo inatengeneza nini? Wengine walijua filozofi husomwa na waseminari tu, wanaosomea upadre, basi wakamwuliza mzee misa ya kwanza ya kijana itakuwa lini. Mzee alicheka nao, lakini ilimuuma kutojua kazi ya mwanawe. Ndipo Jumapili moja, Godefroid akiwa mwaka wa kwanza, akamuuliza.

— Mutoto yangu, ile filozofi unasomaka, njo kintu gani? Bantu banauliza, nakosaka ya kujibu.

— Iko maneno mingi, papa. Siku ingine.

Mzee hakukasirika. Alikuwa mtu wa reli, kungoja alikuzoea. Aliuliza tena kijana alipopata digrii ya kwanza, akauliza alipoajiriwa kufundisha. Siku ya kutetea tasnifu ya udaktari alikuja na suti yake ya harusini, akaketi mstari wa mbele, akapiga makofi kila wengine walipopiga. Nje, Edith akimmwagia ndugu yake poda ya pongezi kichwani na watu wakiimba, mzee alimvuta mwanawe mkono akamwuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaweza kuambiwa. Maprofesa walikuwa wakingoja kupiga picha. Siku ingine, papa.

Tusimwonee Godefroid. Hakumdharau baba yake, ingawa ndivyo Edith alivyomwambia walipogombana. Aliogopa. Alijua kwamba maneno yote makubwa yakivuliwa koti, litabaki jambo dogo, la kusemwa kwa pumzi moja, na mzee atamtazama aseme: ni hilo tu? Miaka yote hii, ni hilo tu? Mtu aliyezoea kusifiwa na ukumbi mzima aliogopa sentensi moja ya mzee wa Katuba.

Jumapili ya mwisho walikula bukari, ugali wa kwao, na samaki, mzee akikohoa. Aliuliza tena, safari hii akitabasamu, kama mtu anayebisha mlango anaojua hautafunguliwa. Godefroid alisema mitihani ikiisha atakuja kukaa naye siku nzima. Mitihani haijaisha, mzee akafariki.

Walipotoka kuzika, watu walirudi uani kunawa mikono. Hapo wajukuu wakachukua nafasi yao. Kwao, kwenye kilio, mjukuu ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake na kuwasema waombolezaji kwa sauti yake. Anayesemwa hakasiriki, na akiulizwa lazima ajibu, maana anayeuliza ni marehemu. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Kwa Godefroid yalikuja kweli yamevaa koti la babu.

Aliyevaa koti alikuwa Sephora, binti ya Edith. Alikuwa na kofia ya reli, akaigiza goti la mzee lisilokunjika. Alimgombeza mama yake kwa kuweka chumvi nyingi. Alimwambia Alexis kwamba hata kuzimu atamfunga dama. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akakohoa kile kikohozi, akachechemea hadi kwenye kiti cha mjomba wake.

— Mutoto yangu, ile filozofi unasomaka, njo kintu gani?

Kabla Godefroid hajafungua mdomo, ua mzima ulimjibia kwa pamoja: siku ingine, papa. Wakaangua kicheko. Yeye alidhani lile neno lilikuwa kati yake na baba yake, kumbe nyumba nzima walilijua, hata majirani. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Lakini Sephora hakuondoka. Alisimama akingoja, kichwa kimeinama upande kama mzee. Basi Godefroid akainuka na kuvua miwani.

— Papa, njo kuuliza. Bantu banasema hii iko haki, hii iko kweli, na shiye tunauliza: munajua je? Tunauliza mpaka jibu inasimama, ao inaanguka. Njo ile nafanyaka. Iko ile tu.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Maneno yenyewe hayakufika hata muda wa mtu kunawa mikono. Godefroid alimkazia macho yule aliyevaa koti, akingoja kuambiwa lile alilolikimbia maisha yake yote, na sasa alilitaka, hata liwe kali namna gani.

Sephora aliinua kichwa. Kikohozi alikijua, goti alilijua, maneno yote ya babu, kambo kama walivyomwita, aliyajua. Akavua kofia polepole.

— Tonton, unisamehe, alimwambia mjomba wake kwa sauti yake mwenyewe. Hapa sijue kambo angejibu nini. Hatukumusikiaka anajibu ile.