Sahihi ya Kumpeleka Dama Japani

Mwalimu Mwende aliwaambia wazazi wasikeshe. Wajapani wakifungua ofisi yao asubuhi, alisema, kwetu huku ni saa nane na nusu ya usiku. Laleni, jibu la safari ya watoto mtalikuta alfajiri. Wazazi wengine walilala. Kafedha hakulala. Aliketi kwenye kiti cha cherehani yake, miwani puani, chumba chao cha kupanga pale Bombolulu, Kisauni, kimya, simu ameiegemeza dirishani panaposhika mtandao, akawa anapinda mdomo wa mfuko wa kitambaa kwa mkono ili cherehani isiwaamshe majirani. Ulikuwa mfuko wa sita na wa mwisho. Mwende aliwaeleza kwamba shule za Japani mwanafunzi huvua viatu mlangoni akavaa vingine vya ndani, na kila mmoja ana mfuko wake wa kuvitilia. Kafedha alijitolea kuwashonea watoto wote wa safari.

Jibu alilitaka, na alikuwa akiliogopa. Wakikataa, binti yake Dama atalia siku mbili tatu kisha atanyamaza. Wakikubali, yeye Kafedha itambidi aende Chaani kubisha mlango wa kaka yake Nguma, mlango ambao hakuusogelea kwa miaka kumi na minne.

Saa tisa kasoro dakika kumi simu ikatetemeka. Wamekubali wote sita, Mwende aliandika. Siku kumi darasani pamoja na wenzao, na kila mtoto ana familia ya kumpokea. Wanataka nambari za pasipoti kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

"Dama! Dama we!"

"Abee, mama."

"Amka. Umepata. Utakwenda kufagia shule ya watu."

Maana katika yote waliyofundishwa ya huko, hilo ndilo lililomwingia Kafedha: watoto wa Kijapani hupiga deki madarasa wenyewe na kupakuliana chakula cha mchana. Dama aliruka kitandani akamkumbatia. "Kufagia hata hapa nafagia, mama. Ila ufagio wa kupandiwa ndege sijauona!" Baba yake, Changawa, aligeuka upande wa pili akacheka akiwa nusu usingizini. Kafedha hakucheka sana.

Jumatatu Mwende, mwalimu kijana kutoka Machakos, alipanga vyeti vya kuzaliwa juu ya meza.

"Mama Dama, idhini ya pasipoti hutolewa na wazazi wote wawili walio kwenye cheti. Waje watie sahihi, na vitambulisho vyao. Mzee Nguma atapata nafasi lini?"

"Atapata," Kafedha akajibu, kwa sauti ya mtu anayeijua siku.

Nguma si baba yake Dama; ni mjomba wake. Dama alizaliwa Kafedha akiwa bado nyumbani kwao, na Changawa, aliyempa mimba, alikuwa hajaleta wazee kuposa. Kwa Wagiriama mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya mama yake mpaka waje watu wa kumwomba. Basi Nguma, kaka mkubwa, alipokwenda kumwandikisha, penye jina la baba alijiandika yeye, wala hakuona ubaya. Angemwandika nani? Mwaka uliofuata Kafedha alikunja kanga zake, akambeba mtoto, akamfuata Changawa Kisauni. Nguma alisema neno moja tu: "Mlango huu ameufunga mwenyewe."

Mwende alipoelezwa hayo yote alishika kichwa. Cheti hurekebishwa, akasema, lakini si kwa haraka hii.

Jumamosi Kafedha akaenda Chaani peke yake, fomu ndani ya bahasha. Aliwaza kwamba akienda mpole, dada kwa kaka, mambo yatakwisha upesi. Jael, mke wa Nguma, alichungulia dirishani akaondoka.

"Hodi, kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilitoka nyuma tu ya mlango wa chuma. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Dama anakwenda Japani na shule. Nataka sahihi yako tu."

"Tu! Miaka kumi na minne, halafu tu! Mtoto huyu hakuombwa kwangu kwenda Kisauni, leo aombwe kwenda Japani kwa bahasha? Mwenye neno aje na wazee wake. Mimi si posta."

Kafedha alisimama hapo muda mrefu. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole viwili, na kwenye uwazi ule aliona kivuli cha miguu. Hakikuondoka. Mtu asiyekutaka, aliwaza, hasimami kukusikiliza unavyopumua. Akarudi nyumbani na wazo hilo.

Changawa alikuwa akipiga randa mlango wa mteja uani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kaka yako atanitukana."

"Atakutukana. Utasikiliza."

"Mbele za watu?"

"Changawa, mtoto wako anajifunza kuinamia watu mpaka kiunoni, anakwenda kulala kwa watu asiojua hata wanakula nini. Wewe kuinama hapo Chaani hakuwezekani?"

"Wajapani hawatukani."

"Umejuaje? Labda hutukana kwa Kijapani."

Changawa akaweka randa chini. Akatoka kwenda kumtafuta baba yake mdogo, mzee anayejua maneno ya posa.

Shauri la wazee wa Kigiriama halifunguliwi kwa midomo mikavu. Hutanguliwa na kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi. Lakini Nguma alikuwa mzee wa kanisa, tembo hata harufu hataki, na kwa watu wa kanisa kadzama siku hizi ni kreti la soda. Kafedha alilichagua mwenyewe, chupa kwa chupa, za machungwa zote. Alikumbuka kwamba soda nyeusi zilikuwa zikimpa kaka yake kiungulia tangu ujana.

Jumapili baada ya ibada walifika Chaani watatu. Baba mdogo alimwonya Kafedha asiseme neno, si zamu yake. Akasimama nyuma ya kreti, ncha ya leso mdomoni.

"Hodi wenyewe," mzee akaita.

"Mna nini?" Nguma akauliza kutoka ndani.

"Tuna kiu na tuna neno. Changawa, sema."

Changawa alikuwa na mvi kwenye ndevu, na jasho lilimtiririka kama kijana wa miaka ishirini.

"Nimekuja kumposa Kafedha."

Ndani Jael aliangua kicheko. "Yuwaposa bibi mwenye miwani!"

"Cheka, shemeji, ni haki yako," Changawa akasema. Kisha sauti ikampungua. "Na nimekuja kumwomba Dama. Nimemlea, sikumwomba. Haikuwa dharau, kaka. Nilikuwa mwoga. Nilijua utanifukuza, nikaona heri nisije. Sasa mtoto anazuiwa kwa woga wangu. Nifukuze mimi, mtoto umpe njia."

Kafedha alikitazama kivuli chini ya mlango. Kilisogea, kikapotea. Akasikia droo ikivutwa ndani, vitu vikipekuliwa, Jael akisema, "Si hapo, kiko kwenye Biblia." Kisha nyayo zikarudi.

Komeo likalia, na mlango ukafunguka wote. Nguma alisimama na shati lake la kanisani, kitambulisho mkononi. Alimtazama dada yake, akaitazama miwani, akazitazama chupa.

"Ingieni," akasema. "Lakini fomu itangoja. Hayo ya woga nataka kuyasikia tena, nikiwa nimekaa."