Wageni wa Mahari

Mimi ni mtu wa Bungoma niliyeolewa Kitale, kwa hiyo sikio langu limezoea l na r kubadilishana viti. Kwetu mtu akikuambia amekura ameshiba, unamwelewa na maisha yanaendelea. Ndiyo maana mpaka leo sielewi vizuri nilivyojichanganya Alhamisi ile. Au naelewa sana, ila sipendi ninachokielewa.

Mume wangu alikuwa ameshafariki. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa anafanya kazi Nairobi. Hatukuwa tumegombana. Afadhali tungegombana, maana ugomvi una siku yake ya kusuluhishwa. Alikuwa haji tu. Kila Jumapili alipiga simu, akauliza kama nimekula na kama nimemeza dawa ya presha, akasema haya basi, mama. Halafu nilibaki na vyumba vitatu na redio. Nilijifunza kupika ugali wa mtu mmoja na bado ulibaki.

Alhamisi hiyo alinipigia dereva mmoja wa kijijini kwetu, ambaye siku hizi anabeba watalii wanaopanda Mlima Elgon. Alikuwa barabarani na simu ilikatikakatika.

"Mama, Jumamosi nitakuretea wageni. Wanatoka Nairobi, watu wa maana. Wanauriza mahari kwako."

Mungu wangu. Wageni, kutoka Nairobi, wanauliza mahari. Nilimpigia binti yangu, simu ikalia bila kushikwa, nikajiambia anaona haya. Sikupiga tena. Niliwapigia kaka zangu wawili Bungoma, kwa sababu mama hawezi kukaa kwenye mazungumzo ya mahari bila wajomba. Walikuwa hawajakanyaga kwangu tangu mazishi. Jumamosi asubuhi walishuka langoni wamevaa suti, kaka mkubwa na fimbo yake ya harusi na matanga. Nilikuwa nimechinja kuku watatu na kutoa vikombe vya kabatini, vile ambavyo hata mchungaji havijui.

Wageni walifika saa saba, vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, na mabegi makubwa mgongoni. Dereva alibaki nje akihangaika na gurudumu. Niliyaona yale mabegi nikafurahi, nikadhani ni zawadi. Tuliwakalisha, tukaomba, tukala. Firigisi, kipande cha heshima, ilipewa yule niliyemwona mkubwa wao. Aliigeuza kwenye sahani akaila kwa adabu, huku machozi yakimtoka.

Kaka mkubwa akasafisha koo.

"Karibuni sana. Sasa tuambieni, mmeona nini kwetu mpaka mkafunga safari yote hiyo?"

"Tumekam kuona ndovu, mzee," mvulana mmoja akasema. "Tumeskia huku kwenyu kuna ndovu."

Kaka akatabasamu. Katika mazungumzo kama haya wengine husema wameona ua, wengine ndama. Ndovu hakuwahi kusikia, lakini aliona ni heshima kubwa.

"Yuko," akasema. "Tumemlea vizuri na tumemsomesha."

Vijana wakatazamana. "Amesomeshwa?"

"Mpaka chuo kikuu."

"Sisi hatuchagui, mzee," msichana mmoja akasema kwa upole. "Hata tukipata wawili ni sawa. Bora tu tupige picha."

"Wawili?" Kaka alisimama na fimbo yake. Sijui yangeishia wapi kama dereva hangeingia wakati huo, mikono imejaa grisi. Alitazama suti, akatazama vikombe, akashika kichwa.

"Mama, si nirisema mahari? Mahari pa kurara! Lodge zote za mjini zimejaa, bana!"

Wajomba walicheka mpaka kaka mdogo akateremka kwenye kiti. Vijana nao, walipoelezwa, walicheka wakishikana mabega. Mimi pia nilicheka, nikasema naenda kuongeza chai, na huko jikoni nikalia na aproni mdomoni. Sikio langu lingeweza kuchagua l. Limesikia mahari kwa mahali maisha yangu yote na halijawahi kukosea. Siku hiyo lilichagua r kwa sababu nilitaka mtu wa kumrudisha mtoto wangu nyumbani, hata kama ni mkwe.

Vijana walilala, wasichana katika chumba cha binti yangu na wavulana katika kile cha wageni. Jumapili walienda mlimani, wakaona mapango lakini ndovu hawakumwona, na waliporudi Nairobi wakawaambia wenzao kuhusu nyumba ya mama mmoja Kitale anayepokea wageni kama wakwe. Tangu hapo watu hawajakatika. Wengine huja kwa ajili ya mlima, wengine hupita tu wakielekea Suam, mpakani mwa Uganda. Dereva alipaka namba kwenye milango kwa rangi nyeupe, moja na mbili. Chumba cha binti yangu kikawa namba mbili.

Siwezi kudanganya kwamba hakuna faida. Jirani yangu wa maziwa ameongeza ng'ombe. Mama wa mandazi amehamia kwenye kibanda cha mabati, na vijana wa bodaboda wamejipangia zamu langoni kwangu. Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano wa utalii pale Bungoma, nikapewa soda na kofia. Afisa mmoja alisema utalii unakua na unaleta uhai katika kila boma. Nilitaka kunyanyua mkono nimuulize kama anajua jinsi boma linavyokuwa saa nne asubuhi, gari likishaondoka, na mimi nimebaki na mashuka ya watu ambao sitawaona tena. Niliinywa soda yangu. Kofia ninavaa nikipalilia.

Binti yangu nilimsimulia kisa cha mahari kama mzaha. Alicheka kidogo tu, akaniuliza kama nimemeza dawa.

Kisha wiki iliyopita alipiga simu siku ya Jumatano. Nilishtuka, nikadhani ni msiba.

"Mama, nimepewa likizo Krismasi," akasema. "Naona siku hizi wewe ni mtu wa wageni. Nikija, kutakuwa na mahali?"

Nilisikiliza ile herufi kwa makini. Amekulia hapa Kitale na ni mtu wa Nairobi sasa, l yake haina shida. Ilikuwa l, safi kabisa. Mtoto niliyemlea katika chumba kile ananiuliza kama kuna mahali.

"Kuna," nikasema.

"Sawa. Usifukuze wageni kwa sababu yangu. Nikikosa nitaangalia lodge."

Nilimpigia dereva nikamwambia Desemba namba mbili haina nafasi. Akauliza ni wageni gani hao waliochukua mwezi mzima. Nikamjibu kwa ukali kwamba si wageni, akaomba msamaha bila kujua kosa lake.

Jioni nilichukua kitambaa na mafuta ya taa nikaisugua ile namba mlangoni. Rangi imetoka, lakini ubao umekunywa alama yake, na mtu akisimama karibu bado anaisoma. Namwomba Mungu binti yangu akija asisimame karibu.