Nilivyoziba Paipu ya Dizeli kwa Nta

Mpaka leo nikipita Usoke nashusha kofia hadi kwenye nyusi, na afadhali niwaambie mwenyewe sababu kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wale huongeza chumvi na kisa chenyewe tayari kimekolea.

Nina lori la dizeli la zamani (mtoto wangu wa kwanza anaota ndevu, na lori limemtangulia kuzaliwa), na miaka yote hiyo nimelitengeneza kwa waya, vipande vya tyubu na sabuni ya mche. Mke wangu Zuhura alivumilia. Ila shangazi yake alipofariki nikamwahidi kumfikisha mazikoni kwao Usoke, lori likazimika njiani kwa sababu ya kiraka changu kwenye paipu ya dizeli, tukafika watu wanakung'uta udongo miguuni wanarudi makwao. Hakunigombeza. Matanga yalipoanuliwa alisema tu, "Wewe tangulia, baba Rama." Nikatangulia, mwezi ukapita hajarudi.

Kwetu mume akimfuata mke aliyerudi kwao haendi peke yake, na akifika hafungui kinywa: mkosaji anainamisha kichwa, msemaji wake ndiye anaongea. Msemaji wangu alikuwa kaka yangu mkubwa, Shabani, fundi cherehani wa Itetemia, mtu wa maneno machache na yote ya kweli. Sharti lake lilikuwa moja. "Sitakwenda kudanganya watu wazima. Funga paipu mpya, ndipo nikusemee." Nikasema nitafunga. Wiki ikaisha (mara mzigo wa tumbaku, mara mvua), na Jumamosi asubuhi nikafika kwake na paipu ileile.

Kaka akiwa ndani anavaa kanzu (kanzu kwake ni shughuli ya nusu saa, mpaka mikunjo ikubali), nikaona tone la dizeli chini ya lori, halafu la pili. Paipu ilikuwa imepasuka karibu na pampu. Duka la spea mjini si mbali, ningekwenda na kurudi kabla kanzu haijakubali. Lakini jirani yake alikuwa uani anayeyusha nta ya nyuki, na mimi ni mtu wa Tabora, nimekua nikiona nta ikiziba kila chenye tundu, nikaomba donge moja, bado linanukia asali, nikalikandika juu ya ufa na kulifunga kitambaa. Tone likakoma. Nikajiona fundi.

"Paipu umebadilisha?" kaka akauliza akipanda.

"Nimebadilisha, kaka."

Usoke tulifika bila kusimama popote, na hilo ndilo lililoniponza, maana niliamini nta imeshika. Nikaliegesha lori juani, shikamoo zetu zikaitikiwa, tukakalishwa mkekani mbele ya baba mkwe, mzee mfuga nyuki, na wajomba wawili. Zuhura na mama yake walikuwa nyuma ya pazia. Kaka akasema vizuri, akaomba radhi ya mazikoni kwa sauti iliyonifanya hata mimi nijionee huruma, kisha akafika pale nilipokuwa napaogopa.

"Mdogo wangu ameacha viraka. Lori lile lina paipu mpya. Nasema mimi, Shabani."

Nilitamani kumvuta kanzu. Lakini mkosaji haongei, na niseme kweli, hata ningeruhusiwa nisingesema, kwa sababu nyuma ya pazia nilisikia mtu anafunga zipu ya begi.

Wakatusindikiza nyumba nzima na majirani juu. Zuhura akapanda, akaweka begi mapajani, akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. Nikawasha. Injini ikaitika, ikakohoa mara mbili, ikazima. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, ufa umefunguka, na pampu sasa inavuta upepo badala ya dizeli. Nikajaribu tena na tena mpaka betri ikachoka.

"Shemeji," mdogo wake Zuhura akaita, "lori lako limepata wageni."

Walikuwa nyuki. Walikuwa wamefuata harufu ya ile nta, wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mbele kama watu wenye hati ya nyumba, na kelele zangu za starta ziliwaudhi. Mjomba mmoja aliingia kwenye banda la kuku. Mwingine aliacha viatu vyote viwili, na mimi na Zuhura ndani ya lori tukapandisha vioo. Kaka Shabani, aliyekuwa bado hajapanda, alivuta kanzu ikafunika kichwa, lakini alichelewa: nyuki alikuwa amemchoma mdomoni.

Baba mkwe peke yake hakukimbia. Alileta moshi wake, akawatuliza, akafungua boneti, akafungua na kitambaa changu. Akafikicha ile nta kwa vidole, akainusa.

"Haijachujwa vizuri," akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama kaka. "Shabani, mwanangu, ndiyo paipu mpya?"

Kaka alikuwa na mdomo mkubwa kama andazi. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona machoni mwa mtu asiye na kosa. Nikashuka, nikavunja mila.

"Baba, kaka hakujua. Nilimdanganya."

Hakuna aliyecheka (walianza baadaye, na hawajaacha). Zuhura akashuka na begi lake.

"Ungekuja kwa basi ukasema paipu bado," akaniambia, "ningepanda basi na wewe."

Akaingia ndani.

Sisi ndio tuliopanda basi, kaka kiti cha dirishani, mimi cha njiani. Jumatatu nikarudi na paipu mpya, klipu zake na betri ya kuazima, nikaifunga pale pale uani, nikatoa upepo, nikawasha, likawaka. Zuhura akaja, akapitisha kidole kwenye maungio, akakinusa. "Kaza tena hapa." Nikakaza. Akapitisha tena, akanusa, akaenda kuchukua begi.

Kaka Shabani ananishonea nguo kama zamani, ila ameniambia nikikosana tena na mke wangu nitafute msemaji mwingine. Nimepiga hesabu ya ndugu zangu wote, na hakuna ambaye wazee wa Usoke wangemsikiliza. Kwa hiyo nimeapa: kilichopasuka nitabadilisha, na kama sijabadilisha nitasema sijabadilisha.